Siku 217 za Mafikeng: kwa nini Makaburu hawakuuteka mji ule?

Swali limetoka kwa mwalimu anayelea kikosi cha skauti huko Nakuru. Anaandika hivi:

"Tuliwapeleka vijana Nyeri kuliona kaburi la Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti. Tukawaeleza kama tulivyoelezwa sisi, kwamba aliulinda mji wa Mafeking siku 217 akiwa na watu wachache mbele ya maelfu ya Makaburu. Kijana mmoja akauliza: kama Makaburu walikuwa hodari kiasi cha kuwachapa Waingereza Colenso na Spion Kop, mbona walishindwa na kimji kama kile? Na Waafrika wenye nchi walikuwa wapi wakati huo? Nilikosa jibu. Naomba msaada."

Mwalimu, mpe kijana huyo mkono kwa niaba yangu. Ameuliza maswali mawili, kumbe jibu lake ni moja. Makaburu hawakuuteka Mafikeng, mji wa Afrika Kusini ambao Waingereza waliuita Mafeking, kwa sababu hawakuwa tayari kulipa kwa roho za watu wao, na siku walipojaribu kulipa, waliowafungia njia ni hao wenye nchi anaowaulizia. Ila kuyaelewa hayo lazima tuanzie mbali na Mafikeng.

Kwanza jina. Wengi wetu tumelizoea neno Makaburu tangu enzi za harakati za ukombozi, tukimaanisha serikali ya ubaguzi wa rangi ya Pretoria. Hapa nawazungumzia babu zao: wakulima na wafugaji weupe, wengi wao wa asili ya Kiholanzi, waliokuwa na jamhuri mbili kwenye ardhi waliyowanyang'anya Waafrika, yaani Transvaal na Dola Huru ya Orange. Hawakuwa na jeshi la kudumu ukiacha polisi na kikosi cha mizinga. Vita vikija, kila mwanamume huitwa na wilaya yake, akaja na farasi na bunduki, na maofisa wake huwachagua kwa kura. Asiporidhika na shambulio lililopangwa, aliweza kubaki chini ya kilima akavuta kiko chake, na hakuna aliyemsimamisha ukutani kwa kosa hilo. Liweke jambo hili akilini, tutalirudia.

Desemba 1880 Makaburu wa Transvaal waliinuka dhidi ya Waingereza, ambao walikuwa wameichukua nchi yao mwaka 1877. Waingereza walikuwa na vikosi vidogo vilivyotawanyika Pretoria, Potchefstroom, Standerton, Lydenburg, Rustenburg na kwingineko. Makaburu hawakujisumbua kuvivamia. Walivizingira na kuvikatia njia za chakula, kisha wakaenda kukaa Laing's Nek, mlango wa kuingilia Transvaal kutoka Natal, koloni ya Waingereza, wakimsubiri jenerali ambaye hana budi kuja kuwaokoa wenzake. Jenerali Colley akaja. Alipigwa Laing's Nek tarehe 28 Januari 1881, akapigwa tena Ingogo, na tarehe 27 Februari akauawa juu ya mlima Majuba. Serikali ya Gladstone kule London ikaona heri yaishe. Makaburu wakarudishiwa utawala wao, nao walikuwa wamepoteza watu wachache mno.

Aliyewaongoza katika vita hivyo ni Piet Joubert. Vita vilipozuka tena mwaka 1899, kamanda mkuu wa Transvaal alikuwa Joubert huyohuyo, sasa mzee, na mtu hurudia dawa iliyomponya. Mpango wa 1899, kwa maoni yangu, ulikuwa umeandikwa Majuba: zingira, kaa mlangoni, subiri waje, wapige, London itachoka.

Sababu za vita vya pili sitazirefusha. Kulikuwa na dhahabu ya Witwatersrand iliyogunduliwa 1886, kulikuwa na wageni waliofurika Johannesburg wakidai haki ya kupiga kura, na kulikuwa na Uingereza iliyotaka Afrika Kusini yote iwe chini ya bendera moja. Tarehe 9 Oktoba 1899 Rais Kruger wa Transvaal alitoa masharti kwamba majeshi ya Uingereza yaondoke mipakani. Jioni ya tarehe 11 muda ukaisha. Hazikupita wiki nne, miji mitatu ilikuwa imezingirwa. Mafikeng ilikuwa na reli, na upande ule ndiko Jameson, mtu wa tajiri Mwingereza Cecil Rhodes, alikoanzia uvamizi wake dhidi ya Transvaal mwishoni mwa 1895, kwa hiyo Makaburu walikuwa na kisasi nako. Kimberley ilikuwa na almasi, na ndani yake alikuwemo Rhodes mwenyewe. Ladysmith ndiko kulikokuwa na ghala na jeshi kubwa la Uingereza katika Natal, watu wapatao 13,000 chini ya Jenerali White.

Tarehe 30 Oktoba White alitoka nje ya Ladysmith kupigana, akashindwa vibaya. Karibu askari 1,000 walitekwa Nicholson's Nek, na waliobaki walirudi mjini shaghalabaghala, wapanda farasi na waenda kwa miguu wamechanganyikana vumbini. Vijana wa Kikaburu wakaomba waachiwe wawafuate. Inasimuliwa kwamba Joubert aliwakatalia kwa methali ya kwao: Mungu akikunyooshea kidole, usichukue mkono mzima. Sisi tungesema, ukipewa shubiri usichukue pima. Mimi naamini siku ile ndipo Makaburu walipovipoteza vita vyao, saa ileile walipokuwa wakishangilia. Reli ya kwenda Durban ilikuwa mbele yao. Jenerali Buller, kamanda mkuu wa Waingereza, ndiyo kwanza alikuwa anafika Cape Town, na sehemu kubwa ya jeshi lake bado ilikuwa baharini. Wangeishika bandari ya Durban, Waingereza wangeshukia wapi katika Natal? Badala yake walipanga mizinga kwenye vilima vilivyouzunguka mji, wakapiga mahema, wakakaa.

Lakini tuwe waadilifu. Kukaa kule hakukuwa upumbavu mtupu, kwani kwa miezi miwili miji ile mitatu ilikuwa chambo kizuri. Buller alikusudia kwenda na jeshi lake lote moja kwa moja hadi Bloemfontein na Pretoria. Kelele za miji iliyozingirwa zikamlazimisha kuligawa: Methuen aende kuiokoa Kimberley, Gatacre alinde kaskazini ya Koloni ya Cape, yeye mwenyewe aende Natal. Katikati ya Desemba wote watatu walipigwa ndani ya wiki moja. Gatacre alipigwa Stormberg tarehe 10. Tarehe 11 zamu ikawa ya Methuen kule Magersfontein, ambako Koos de la Rey alikuwa amewashauri Makaburu wasichimbe mahandaki juu ya vilima bali chini, kwenye tambarare miguuni mwa vilima. Siku moja kabla, mizinga ya Uingereza iliutwanga mlima usio na mtu. Alfajiri Waskochi wakaja wamesongamana kama watu wanaotoka kanisani, wakapigwa risasi kutoka usawa wa magoti yao. Tarehe 15 ikawa Colenso, kwenye mto Tugela. Louis Botha alikuwa amewaficha watu wake ng'ambo ya mto kwa ustadi hata Buller hakuwaona. Waingereza walipoteza zaidi ya watu 1,100 waliouawa, kujeruhiwa na kutekwa, pamoja na mizinga 10. Makaburu walipoteza kama 40 tu.

Vijana watauliza inawezekanaje hesabu ya namna hiyo. Jibu ni bunduki. Mauser iliyonunuliwa Ujerumani hujazwa risasi 5 kwa mkupuo mmoja, inafika mbali, na baruti yake haitoi moshi. Zamani mtu akifyatua, wingu jeupe humsaliti alipo. Sasa askari aliona wenzake wanaanguka bila kujua risasi inatoka jiwe gani. Mtu mmoja aliyejilaza handakini akawa sawa na wengi wanaomjia wazi. Na hii, mwalimu, ndiyo kanuni iliyowapa Makaburu ushindi Colenso na kuwanyima Mafikeng. Bunduki ileile haikujali iko mkononi mwa nani. Aliyejificha ndiye aliyeshinda, awe Kaburu, Mwingereza au Mrolong, yaani mwenyeji wa Mafikeng.

Spion Kop inalionyesha hili kwa uchungu. Usiku wa tarehe 23 Januari 1900, Waingereza kama 1,700 walipanda mlima huo gizani, wakawafukuza walinzi wachache waliowakuta, wakaanza kuchimba. Sululu zilikuwa 20 na makoleo 20. Viroba vya mchanga vilisahauliwa chini. Udongo wa pale ni kiduchu, unachimba kidogo tu unagonga mwamba, kwa hiyo handaki lao halikumfunika mtu aliyechuchumaa. Asubuhi ukungu ulipoinuka ndipo walipogundua kwamba hawakuwa kwenye ukingo wa mlima bali katikati ya kilele, na kwamba kutoka vilima vya jirani Makaburu wenye mizinga walikuwa wanawaona kama wewe unavyowaona kuku uani kwako. Walikaa pale mchana kutwa, kwenye jua la Januari, maji hakuna, maiti zikirundikana juu ya walio hai. Usiku ulipoingia, kila upande uliamini umeshindwa. Waingereza walishuka. Makaburu wengi nao walikuwa wameshashuka na kutandika farasi, Botha akahangaika nao usiku ule akiwasihi wasiondoke. Kulipopambazuka wachache wakapanda kuchungulia, wakakuta kileleni kumebaki wafu na majeruhi tu. Waingereza 243 waliuawa, na wengi walizikwa ndani ya handaki lilelile. Ukifika leo utaona mstari wa mawe meupe unaokatiza kilele, na ukiufuata kwa macho unajua handaki lilipita wapi.

Waliobeba majeruhi upande ule wa Tugela walikuwemo Wahindi wa Natal, wapatao 1,100, katika kikosi cha machela kilichoundwa na wakili kijana wa Durban, Mohandas Gandhi. Na kama una vijana wanaoshabikia Liverpool, waambie jukwaa la Kop pale Anfield lilipewa jina la mlima huu mwaka 1906, kwa kuwa vikosi vilivyomalizika juu yake vilikuwa vya Lancashire. Watu huimba jukwaani kila wiki, sijui wangapi wanajua wanalitaja kaburi.

Sasa igeuze picha. Wiki mbili na nusu kabla ya Spion Kop, tarehe 6 Januari, Makaburu walijaribu kufanya kile ambacho kijana wako anauliza mbona hawakukifanya. Walishambulia Platrand, kilima kirefu kilichoikingia Ladysmith kusini. Wakikishika hicho, mji umekwisha. Kwenye giza la alfajiri mamia walipanda, wakapigana kwa ujasiri mkubwa, karibu uso kwa uso, hadi jioni mvua kubwa ya radi iliponyesha na Waingereza wakawasukuma chini kwa singe. Makaburu wenzao wengi, waliopangwa kuwasaidia, walibaki chini wakitazama. Siwaiti waoga. Mkulima mwenye watoto nane, aliyejua taifa lake zima halina watu wengi, aliona hakuna sababu ya kwenda kufia kwenye jabali wakati njaa inaweza kumfanyia kazi hiyo. Shambulio la namna ile halikurudiwa tena Ladysmith. Walirudi kwenye mizinga yao, na hata wakaanza kuziba mto Klip ili maji yaufurikie mji.

Njaa na maradhi vilifanya kazi kweli. Ndani ya Ladysmith farasi wa kivita walichinjwa, nyama yao ikachemshwa kwenye karakana ya reli mpaka ikawa rojo la kuwapa wagonjwa nguvu. Homa ya matumbo na kuhara damu viliua wengi kuliko makombora. Mji uliokolewa tarehe 28 Februari 1900, baada ya siku 118, Buller alipojifunza hatimaye kuvichukua vilima kimoja baada ya kingine, mizinga ikipiga mbele ya askari wake.

Kimberley nitaipita haraka. Mizinga mikubwa ya Kifaransa ya Makaburu, ambayo watu waliiita Long Tom, ilikuwa minne tu, na kila kombora lake lilikuwa na uzito wa kilo 40 na ushei. Mmoja wao uliharibiwa na Waingereza usiku nje ya Ladysmith mwezi Desemba, ukapelekwa Pretoria ukatengenezwa, na Februari ukaletwa Kimberley. Siku chache baada ya kufika ulimuua George Labram, fundi Mmarekani wa kampuni ya almasi ya De Beers, ambaye alikuwa ameuundia mji mzinga wake ndani ya karakana ya mgodi. Wanawake na watoto wakateremshwa migodini kujificha. Lakini waliokufa kwa wingi ni wachimbaji Waafrika, maelfu waliofungiwa kwenye kambi za mgodi, wakila unga bila mboga mpaka kiseyeye kikawalegeza meno. Tarehe 15 Februari wapanda farasi wa Jenerali French waliingia. Lord Roberts, kamanda mpya, alikuwa amefanya lile ambalo mpango wa Majuba haukulitazamia: aliwapita pembeni Makaburu waliokuwa mlangoni. Cronje, aliyekuwa akiulinda mlango huo wa Magersfontein, alikimbia, akazingirwa yeye mwenyewe Paardeberg, akajisalimisha na watu kama 4,000 tarehe 27 Februari. Siku ya Majuba.

Tufike Mafikeng sasa.

Jina ni la Kitswana, maana yake mahali penye mawe. Pale palikuwa na miji miwili iliyogusana. Mmoja ni mji mdogo wa wazungu wenye stesheni na mitaa iliyonyooka, ambao Waingereza waliuandika Mafeking. Mwingine, mkongwe zaidi na wenye watu wengi zaidi, ni mji wa Barolong boo Ratshidi kando ya mto Molopo, nyumba za udongo na nyasi zilizojipenyeza kati ya mawe makubwa. Hesabu iliyofanywa wakati wa kuzingirwa ilikuta wazungu wote, askari wakiwemo, hawafiki 1,800. Waafrika walikuwa kama 7,500. Kwa hiyo, mwalimu, neno "watu wachache" ulilowaambia vijana linakuja pale tu unapohesabu watu wa rangi moja.

Barolong hawakuingia vitani kwa kumpenda malkia wa Uingereza. Miaka ya 1880, wakati wa chifu Montshiwa, walizingirwa na Makaburu waliotaka mashamba na ng'ombe wao, wakala njaa, wakapoteza ardhi. Waliwajua walio ng'ambo ya mahandaki kwa majina. Vita vilipoanza waliomba silaha, na Baden-Powell, baada ya kusitasita, akawagawia baadhi yao bunduki. Tarehe 25 Oktoba 1899 Cronje alirusha makombora mengi kisha akaushambulia mji wa Barolong, akatimuliwa. Siku chache baadaye alimwandikia Baden-Powell barua ya hasira, akimshutumu kwa kuwapa watu weusi silaha katika vita vya wazungu, na kumtaka awanyang'anye. Barua ile pekee inamjibu kijana wako Waafrika walikuwa wapi: walikuwa mbele, kiasi cha adui kulalamika kwa maandishi.

Nisimnyime Baden-Powell haki yake. Alikuwa mjanja kweli. Alizika visanduku vya mchanga akatangaza ni mabomu. Aliwaagiza askari wake waruke seng'enge isiyokuwepo, ili Kaburu mwenye darubini aamini ipo. Taa moja ya kumulika ilihamishwa ngome hadi ngome usiku, ikaonekana taa nyingi. Hila hizo ziliwafanya Makaburu wasite, na kusita kwao ndiko kulikouokoa mji, maana mwezi Novemba Cronje aliondoka na watu wake wengi kwenda kusini. Aliyebaki, Jenerali Snyman, hakuwa na wapiganaji 2,000 kamili, na hakutaka kabisa kupoteza watu. Ikawa Long Tom ananguruma siku sita, na Jumapili kila upande unapumzika. Kwenye mji wa wazungu Jumapili walicheza kriketi.

Tunayajua ya mji ule mwingine kwa sababu ya kijana mmoja wa miaka 23, Sol Plaatje, Mrolong, mkalimani wa mahakama aliyejua Kiingereza, Kiholanzi, Kitswana na lugha nyingine kadhaa. Mchana alitafsiri mahakamani na kuwapigia chapa waandishi wa habari wa vita. Usiku aliandika shajara yake. Haikujulikana kwa watu hadi 1969, zaidi ya miaka 30 baada ya kufa kwake. Humo unawaona Waafrika wakichimba mahandaki ambayo wengine walipigwa picha wakiwa ndani yake. Unawaona matarishi wakitambaa usiku katikati ya kambi za Makaburu wakiwa na barua za Baden-Powell na magazeti ya London, na wanaokamatwa wakipigwa risasi. Unamwona Mathakgong, jasiri wa Kirolong, akitoka na wenzake wachache gizani na kurudi na ng'ombe waliochukuliwa kwenye malisho ya Makaburu, nyama ambayo wazungu nao waliila.

Kisha chakula kikapungua, na hapa ndipo hadithi ya skauti hunyamaza. Mgao wa Waafrika ulikuwa tofauti na wa wazungu, na ulikatwa mapema zaidi. Walioumia kuliko wote ni wakimbizi kutoka migodi ya Johannesburg na mashamba ya jirani, wasio na ndugu mjini. Kwa miezi ya kwanza ya 1900 walibanwa ili waondoke wenyewe, wavuke mistari ya Makaburu na kutembea hadi Kanye, katika Botswana ya leo, ambako Kanali Plumer wa jeshi la Uingereza alikuwa ameweka akiba ya chakula. Baadhi walifika. Wengine waliuawa njiani. Waliobaki walipanga foleni ya mchuzi wa farasi, na wenye senti walitakiwa kuulipia. Watu walifukua mizoga ya mbwa na farasi. Mtu aliyeiba mbuzi ili ale aliweza kuhukumiwa kifo, na hukumu hiyo ilitekelezwa. Baden-Powell alijua. Ndiye aliyegawa chakula.

Shambulio la kweli lilikuja tarehe 12 Mei 1900, wakati jeshi la kuuokoa mji limeshakaribia. Sarel Eloff, mjukuu wa Rais Kruger, aliingia kabla ya alfajiri na watu kama 240 akifuata bonde la mto Molopo, njia inayopita katikati ya mji wa Barolong. Walizitia moto nyumba za nyasi ili moshi uwaambie wenzao nje kwamba wamefika. Wakasonga hadi ngome ya polisi, wakamteka Kanali Hore na watu wake. Kwa muda wa asubuhi ile, Mafikeng ilikuwa imetekwa nusu. Ila Snyman hakuja. Moto aliuona, risasi alizisikia, akabaki alipo.

Barolong waliokuwa kati ya mawe hawakukimbia. Waliwaacha Makaburu wapite, kisha wakafunga pengo nyuma yao, mkulima mmoja mmoja nyuma ya jiwe lake analolijua tangu utotoni. Eloff akajikuta amezingirwa ndani ya mji aliokuja kuuteka, watu wake wamekatika makundi matatu. Barolong na askari wa Kiingereza waliyaendea makundi hayo moja moja. Jioni Eloff alijisalimisha kwa Hore, yule aliyekuwa mateka wake asubuhi. Zaidi ya Makaburu 100 walitekwa. Siku tano baadaye, tarehe 17 Mei, mji ulikuwa huru, na London ikalala barabarani kwa sherehe.

Baden-Powell alipandishwa cheo kuwa meja jenerali, na jina lake likawa la kitaifa. Barolong walipewa hati ya shukrani iliyotiwa kwenye fremu. Vita viliendelea miaka miwili zaidi, Makaburu wakipigana vita vya msituni, Waingereza wakichoma mashamba na kujaza makambi ambamo walikufa wanawake na watoto wa Kikaburu zaidi ya 26,000, na Waafrika, katika makambi yao ya pembeni, si chini ya 14,000. Mkataba wa amani ulitiwa saini Pretoria tarehe 31 Mei 1902. Mwambie kijana wako asome kifungu cha 8. Kinasema suala la Waafrika kupewa kura halitaamuliwa mpaka kwanza jamhuri zile zipate serikali zao za ndani, na serikali hizo zilikuwa za wazungu watupu. Waingereza na Makaburu walikubaliana hapo juu ya migongo ya waliowapa maji na kuwachimbia mahandaki, wote wawili, kwa sababu Makaburu nao walikuja vitani na maelfu ya watumishi Waafrika.

Mwaka 1912 Plaatje alichaguliwa kuwa katibu mkuu wa kwanza wa chama ambacho baadaye kiliitwa ANC. Mwaka uliofuata sheria ya ardhi ikawafungia Waafrika wa Afrika Kusini haki ya kununua ardhi katika sehemu kubwa kabisa ya nchi yao. Mwaka 1914 alipanda meli pamoja na wenzake wanne kwenda London kuiomba serikali iitengue. Alikwenda kama raia wa dola aliloliona likiokolewa kwenye mawe ya Mafikeng. Waziri wa makoloni aliwasikiliza, akawarudisha mikono mitupu.